Picha ya Kifua cha Malimi

Walijuana sokoni Mwanjelwa, kwenye fungu la mitumba, wote wawili wameng'ang'ania sweta moja la bluu. Juliana hakuachia hata kidogo. Kijana mrefu mwenye shati lililonyooshwa vizuri akacheka, akamwachia, kisha akaomba namba. Kumbe wote ni watu wa eksirei: Juliana anapiga picha katika hospitali ndogo upande wa Chimala, kijana huyo, Edmund, ni daktari wa kuzisoma, yuko Iringa, anazipokea kwa mtandao. Mapenzi yao yakawa ya simu, na "umekula, mpenzi?" zisizoisha.

Siku aliyoletwa Malimi, mfugaji aliyepigwa teke la kifua na ng'ombe, mtandao ulikuwa unasuasua. Faili lenyewe la picha ya kifua chake likagoma kwenda. Wagonjwa walikuwa wamejaa mlangoni, basi Juliana akapiga picha skrini ya kompyuta kwa simu yake, akaitupia picha hiyo WhatsApp, kwenye kundi la kazi.

Jibu la Edmund likaja mbele ya madaktari wote: "Picha mbovu. Irudie."

Juliana aliumia. Mtu huyohuyo asubuhi alimwita malaika! Akampigia.

"Ungeniambia pembeni, Edmund."

"Kazini sina mpenzi, Juli. Naona ukungu mtupu."

"Basi na nyumbani usiwe naye." Akakata.

Hasira ikampeleka kwenye kompyuta, apate cha kumsuta nacho. Pale picha ilikuwa safi, mbavu zote zinahesabika. Akaikuza. Pembeni mwa pafu la kushoto akaona mstari mwembamba kama uzi: hewa imevuja, pafu limeanza kusinyaa. Akaitazama ile ya simu. Mstari haupo. WhatsApp ilikuwa imeibana picha iwe ndogo mpaka mstari ukapotea, na Malimi keshavaa koti, anataka kurudi kwa ng'ombe wake.

Juliana alimkimbilia, akamrudisha kitandani, akamwita daktari wa zamu. Ndipo akalituma faili lenyewe, akalisubiri mpaka likafika.

Jioni Edmund alipiga. Malimi alikuwa amewekewa mpira wa kutoa hewa kifuani, anapumua vizuri.

"Nilikosea kutuma vile," Juliana akasema.

"Na mimi nilikosea kukuaibisha. Nimeomba radhi palepale kwenye kundi, wote wameona. Juli, nataka kukuoa. Unasemaje?"

Moyo ulimruka Juliana, lakini hakumwonyesha.

"Kwa simu? Na mtandao huu? Haisomeki, daktari. Irudie. Baba yuko Tukuyu, njoo na mshenga."

Jumamosi Edmund alishuka Tukuyu na mjomba wake. Juliana aliwapokea mlangoni, amevaa lile sweta la bluu.