Mgeni wa Nani?

"Simama hapo hapo, binti! Hapa klabuni ni wanachama tu."

"Shikamoo, mzee Faustini."

"Marahaba. Shikamoo haifungui geti. Wewe ni mgeni wa nani?"

"Wa Gozbert, bwana ujamaa. Ni mchumba wangu. Kaka yangu yuko vitani Uganda anaipigania nchi hii, mimi nazuiwa getini Ngara?"

Jovina alikuwa amedandia lori la maharage toka Murusagamba, kumwambia Gozbert kwamba pombe ya posa imeiva na kumkumbusha kuwa wazee wanamsubiri Jumapili kama walivyopatana. Akamwona pale kwenye nyasi za gofu zilizoachwa na Wazungu, kamshika mkono Restituta, binti wa bosi wake, anamfundisha kulenga. Na ndiye Gozbert huyo huyo aliyewahamisha watu toka mashambani kwao kwenda vijiji vya ujamaa, akiwahubiria kuwa binadamu wote ni sawa! Mnafiki mkubwa.

"Ndugu Gozbert!" Faustini aliita. "Sema huyu ni mgeni wako, nimwingize."

Gozbert alitazama miguu ya Jovina yenye vumbi.

"Simjui. Labda anauza ndizi."

Restituta akacheka.

"Hunijui? Gozbert, nitazame vizuri!"

Gozbert akampa mgongo, akapiga mpira wake.

Na Jumapili akaja! Mtu hana haya hata chembe. Alikuja na mshenga aliyebeba jembe la posa, akakuta wanaume wameuzunguka mtungi wa pombe uani kwa akina Jovina, kila mmoja na mrija wake. Jovina alikuwa ameshamweleza baba yake yote.

"Jovina mpenzi, pale nilikuwa mbele ya wakubwa. Wangenicheka."

"Mimi nilichekwa. Ulisikia."

"Tukishaoana nitakutambulisha."

"Mchumba unamwonea haya getini, mke utamficha wapi?"

Baba yake, mzee Bonaventura, aliuweka mrija wake chini.

"Mwanangu, neno ni lako."

Jovina alichukua mrija, akampa Gozbert. Jamaa akatabasamu.

"Umenisamehe?"

"Thubutu! Kwetu hata mpita njia hanyimwi pombe. Kunywa, kiu ikiisha uende. Mke hapa huna."

Gozbert alimgeukia mshenga amtetee. Mshenga alikuwa ameshaweka jembe begani, yuko njiani anarudi.