Springi za Fabiola

Siku ya mnada wa Katesh, mwaka wa 1969, Peugeot ya zahanati ilikataa kona ikaenda kukita kwenye rundo la vitunguu. Dereva Tomaso akabaki akibishana na wauza vitunguu. Mlango wa pili ukafunguka, akashuka Fabiola, nesi mgeni kutoka Bukoba, gauni la njano, viatu vyeupe.

"Nani fundi hapa? Mtu anakata usukani, gari linanyooka tu!"

"Mimi, Sulle. Mbele kumekaza mno, dada. Nitaagiza springi laini Arusha. Ila moyo wangu nao umeshakugonga."

"Mchokozi wewe!" Fabiola akacheka, na mapenzi yakaanza.

Lakini Sulle alikuwa na wivu, jamani, wivu wa kupitiliza! Wengine hunusa mashati, yeye alipapasa matairi. Mwezi wa pili wa mapenzi yao akakuta ya mbele yameliwa kingo za nje. Huliwa hivyo kwenye kona za kupanda Mbulu, si kwenye tambarare.

"Juzi mlikuwa wapi na Tomaso?"

"Gendabi, mpenzi, kuchanja watoto."

"Mwongo! Gendabi ni tambarare. Mlikwenda Mbulu kustarehe!"

Fabiola aliondoka analia.

Springi zilipofika, Tomaso alileta gari. "Kesho napanda Mbulu, fundi." Sulle alijua dawa: afunge springi hizo, ahamishie mbele matairi mazima, yaliyochakaa yaende nyuma. Hakugusa hata nati. "Tayari," akasema. Potelea mbali, na aporomoke huko!

Asubuhi simu ya duka la ushirika ikalia, Sulle akaitwa. Alikuwa Fabiola.

"Sulle, bado umenuna? Leo nafanya mtihani wa leseni Mbulu, naendesha mwenyewe. Matairi nimeyala mimi nikijifunza, mizunguko uwanjani Gendabi. Nilitaka nikushtukize, mpenzi."

"Fabi, usiondoke! Gari sijaligusa. Nilidhani anakwenda Tomaso peke yake."



"Kwa hiyo ulitaka Tomaso afe?"

Sulle alikimbia hadi zahanati na springi begani. Alifanya kazi hadi saa sita mchana, jasho na machozi vikichanganyika, Fabiola amesimama pembeni. Alipomaliza alimshika Fabiola mkono.

"Nisamehe, mpenzi. Mwezi ujao natuma washenga kwenu Bukoba."

"Nakupenda, Sulle, Mungu anajua." Akautoa mkono taratibu, akakaa kwenye usukani. "Lakini Tomaso ana watoto wanne. Washenga usiwatume."