Niliziba Vitundu vya Ukuta kwa Mkono Wangu

Nina miaka ishirini na sita, nina mtoto mmoja wa kike, na ninaishi Kalimoni katika nyumba ya marehemu mama yangu. Nimemaliza kidato cha nne, kwa hivyo msiseme ni ujinga wa shule. Na mkitaka kunihurumia, subirini kwanza mfike mwisho.

Mume wangu nitamwita Kimani. Tulipooana alikuwa na ploti Gatongora, kule Ruiru, ploti ya mteremko. Ili tupate mahali pa kujenga ilibidi mlima ukatwe kwa nyuma, na udongo uliobaki juu yetu uzuiwe na ukuta wa mawe mrefu kuliko mimi. Kati ya huo ukuta na mlango wa jikoni palibaki uwanja mdogo wa kufulia na kuanika nguo.

Fundi alikuwa mzee mmoja wa Thika, Mzee Karanja. Chini ya ukuta aliacha vitundu kumi na kimoja, kila kimoja na kipande cha paipu. Akaniita nione.

"Mama, hii ni pua ya ukuta," akaniambia. "Mlima hunywa mvua, na hayo maji lazima yatokee mahali. Na kule nyuma, kabla ya udongo, mjaze mawe na kokoto kutoka chini mpaka juu, maji yapate njia ya kushuka. Usikubali mtu aweke udongo mtupu."

Nikasema sawa. Lori likaleta mawe, nikayaona kwa macho yangu. Mzee akaitwa kazi nyingine, na Kimani akasema ya kujaza nyuma atasimamia mwenyewe na vibarua. Mimi nilikuwa ninashinda kwenye cherehani yangu kule Kamakis. Siku ya tatu nikarudi jioni nikapata nyuma ya ukuta kumejaa, kumesawazishwa, na kwa geti kuna maegesho mapya ya gari, yamepandishwa vizuri, matofali ya kabro juu, safi kama ya hoteli. Nilifurahi mimi... Nilimpikia kuku. Mpaka leo ninajutia yule kuku.

Mvua ya kwanza ilipokuja, vitundu vikaanza kutoa maji mekundu. Ndiyo kazi yake. Lakini tulikuwa tunapanga itega, ile siku wanawake wa ukoo na wa kanisa humletea mke vyombo na zawadi za nyumba yake. Mbele ni pa magari, kwa hivyo hema dogo lingewekwa nyuma, wageni wakiutazama ukuta. Mama mkwe akaja kukagua.

"Ukuta wenu unakojoa," akasema. "Wanawake wa kanisa langu wakule pilau mbele ya ukuta unaokojoa?"

Nikamweleza maneno ya fundi, kwamba hiyo ni pua.

"Pua? Basi iko na mafua. Itafutie dawa."

Shemeji zangu wakacheka hadi wakashikana mabega. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, miguu imefura, na mbele ya watu nimefanywa mchafu asiyejua kutunza boma. Jioni nikamwambia Kimani ampigie Mzee Karanja amuulize kama vinaweza kuzibwa. Akatoka nje na simu. Akarudi.

"Amesema kwa sababu nyuma kuna mawe, maji yatashuka chini yenyewe. Ziba tu, kisha piga plasta."

"Nipe niongee na yeye."

"Kwani huniamini?"

Swali gani hilo la kumuuliza mke? Ukisema unamwamini, umeficha wasiwasi wako. Ukisema humwamini, umeanzisha vita. Nikanyamaza.

Kesho yake nikachanganya simiti na mchanga kwenye karai, nikachukua mwiko, nikachuchumaa na tumbo langu, nikaziba kitundu baada ya kingine. Vyote kumi na kimoja. Hakuna aliyenishikia mkono. Kibarua wa plasta alikuja baadaye, akapaka, ukuta ukawa laini kama sahani. Itega ikafanyika. Nikaletewa sufuria, blanketi, thamosi. Mama mkwe akawaonyesha wenzake ukuta kama vile ameuzaa.

Miezi miwili baadaye nikajifungua. Mama yangu akatoka Kalimoni, akaacha nduma zake shambani, akaja kunikanda na kunipikia uji. Alikuwa mjane, mwanamke wa maneno mengi. Nikishika ndoo ananinyang'anya. "Wewe lala. Umezaa juzi unataka kufua, unashindana na nani?" Kila asubuhi alibeba beseni ya nepi akaenda kufulia pale nyuma.

Mvua ikazidi. Siku moja mama akamuuliza Kimani, kwa ile heshima ya mtu na mkwewe, akitazama pembeni, "Mbona ukuta umefura hapo katikati?"

"Ni plasta mpya, mami. Plasta mpya hupasuka. Ni kawaida."

Alisema hivyo akiwa anafunga kamba za viatu. Akaenda kazini.

Mvua ilinyesha siku tatu, siku ya nne jua likatoka zuri kabisa. Mama akaniita kwa dirisha nimtoe mtoto apate jua. Nikamjibu amalize kwanza kunyonya. Nikasikia kitu kama lori linamwaga mawe. Nilipofika mlango wa jikoni hapakuwa na uwanja. Palikuwa na udongo mwekundu hadi kiunoni, na kamba ya nguo imekatika, na nepi...

Majirani walimfukua kwa jembe na mikono. Alikuwa ameshaenda.

Mzee Karanja alikuja aliposikia. Alisimama pale ukuta ulipovunjikia, akachota udongo, akauminya maji yakatoka. Hapakuwa na jiwe hata moja. Udongo, vipande vya matofali, mifuko ya simiti. Akaniuliza taratibu, "Mama, mawe yako wapi?"

Nikageuka nikatazama kwa geti. Mawe yalikuwa chini ya kabro, yamebeba gari la Kimani.

Nikamuuliza mzee kama aliwahi kupigiwa simu kuhusu vitundu. Akasema simu gani? Kimani alijua nyuma hakuna kitu. Alijua, akaniambia nizibe, na kila asubuhi akamwona mama yangu akiinama pale na beseni!

Mnajua aliwaambia nini watu kwenye matanga? "Mke wangu ndiye aliyeziba, hata mama yangu alimwona." Ningekataa aje? Ni kweli. Nilipojaribu kusema habari ya mawe, kaka yangu Njoroge akaniambia nisimlaumu mtu mwingine mbele ya jeneza. Nikarudi Kalimoni na mtoto mgongoni. Njoroge anaishi ploti hiyo hiyo ya mama, na kwa miezi mingi alinipita kama mti.

Mwezi uliopita Kimani alikuja na mama yake na wazee wawili wa kanisa. Njoroge akaitwa kama mwenye boma. Mnajua kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la nyanya yake mzaa baba, wa pili la nyanya yake mzaa mama. Kimani akasema, "Rudi nyumbani. Tupate msichana mwingine tumrudishe mama yako."

Watu wakaitikia kwamba hayo ni maneno ya busara.

Nikamwambia, "Kabla ya mtoto, mwambie kaka yangu mawe uliyaweka wapi."

Akatazama viatu vyake. "Mambo ya mawe yalishapita."

Njoroge akainua kichwa. "Mawe gani?"

Mama mkwe akaanza kukohoa, akasema watoto wa siku hizi hawajui kusamehe. Njoroge akauliza mara ya pili, na Kimani akasema, kwa sauti ya chini, kwamba yeye hakujua ukuta unaweza kuanguka, alitaka tu mahali pa gari pasizame. Njoroge akasimama, akafungua geti, akalishikilia wazi mpaka wa mwisho wao akatoka.

Kisha akaniambia, "Wewe ndiye ulishika mwiko." Akalifunga geti. "Lakini yeye alijua."

Sikupewa zaidi ya hayo, na sidai zaidi.

Dada zangu mnaojenga mteremkoni, tokeni nje sasa hivi mwangalie vile vitundu vya ukuta. Vikitoa maji machafu, shukuruni. Vikiwa vikavu wakati wa mvua, hameni upande huo wa nyumba, muite fundi achimbe nyuma mbele ya macho yenu. Na mtu wako akikuambia kwamba fundi amesema hivi na vile, mwambie akupe simu. Akikuuliza kama humwamini, mjibu. Mimi nilinyamaza ili kulinda amani ya nyumba, na asubuhi ya jua mama yangu aliingia chini ya amani hiyo na nepi mkononi.