Mpira Ulikuwa Wapi?

Seremala wa mtaa wetu ni fundi kweli. Kitanda akikuundia yeye, wajukuu wako watakilalia. Jumapili hucheza beki, na sisi humwita Kisiki, maana hapitiki.

Jumapili moja alipitika. Kinyozi wa mtaa wa pili alimpiga chenga mara tatu, watu wakacheka. Mpira ukatoka nje, refa akapuliza filimbi. Kisiki akamfuata kinyozi, akamtwanga ngumi. Taya likavunjika.

Refa alimpa kadi nyekundu. Kisiki alirudi nyumbani, akaoga, akanywa chai. Kwake yeye mambo yalikuwa yamekwisha. Kesho yake akaletewa wito karakanani: afike kituo cha polisi Jumatano.

Alimwambia mkewe kwamba ya uwanjani huishia uwanjani, ila atakwenda kwa kaka yake hadi mambo yapoe. Mkewe ni mshonaji, na ulimi wake mkali kama mkasi wake. Alimpeleka moja kwa moja kwa jirani yao, mama mmoja karani wa mahakama.

Mama yule alisikiliza, kisha akauliza, "Ulipompiga, mpira ulikuwa wapi?"

"Ulishatoka nje."

"Basi huo haukuwa mchezo, shemeji. Mkigombea mpira kwa haki mkaumizana, hiyo ni bahati mbaya. Ngumi ni shambulio, iwe uwanjani, iwe sokoni. Kadi ni adhabu ya refa tu. Kumjeruhi mtu ni kosa la jinai, unaweza kufungwa. Na yeye anaweza kukudai fidia."

Kisiki akauliza afanye nini. Karani akamwambia asikimbie, asiwatishe mashahidi, atafute wakili.

Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Jumatano alikwenda kwa miguu yake, na wakili wake. Mahakamani alikiri kosa, akamwomba kinyozi radhi mbele ya watu. Hakimu hakumfunga. Alimwamuru alipie matibabu, tena atumikie jamii miezi sita. Kisiki akatengeneza mabenchi ya hospitali ileile alikotibiwa kinyozi. Nimeyakalia, hayayumbi.

Msimu uliofuata alirudi uwanjani. Mshambuliaji mmoja akampiga kiwiko cha mbavu, mpira ukatoka nje. Tukaona ngumi ya Kisiki ikijikunja.

Mkewe akasimama kati ya watazamaji. "Baba, mpira uko wapi?"

Kisiki akakunjua ngumi, akaenda kuuokota.