Katalogi Niliipanga Mimi, Ndani Simo

"Hizo ni za kujazia ukuta tu, madam. Usijisumbue nazo."

Prof alimwambia hivyo mgeni wetu, wakiwa wamesimama mbele ya picha zangu. Na mimi nilikuwa nyuma yao, nimevaa gauni la kuazima na viatu vinavyobana!

Miaka yote ya chuo, leo picha zangu ni za kujazia ukuta...

Najua kuna watakaoniuliza kwenye komenti mbona sikuwasha moto. Someni mpaka chini kwanza, halafu mnihukumu.

Chuo chetu cha sanaa kila mwaka kinafanya maonyesho ya wahitimu, na kinachapa kitabu chake, yaani katalogi. Kila mhitimu ana kurasa mbili: picha za kazi zake, jina lake na maneno machache. Safari hii Prof, mwalimu wetu wa uchoraji, alinipa mimi niipange. Alisema nina jicho.

Kulikuwa na mama mmoja mwenye studio kubwa, tulimwita Mwenye Studio. Alikuwa anakuja kuchukua mhitimu mmoja tu, ampe chumba cha kufanyia kazi na mshahara.

Na mama yangu alishaniambia bila kupepesa macho: nikikosa nafasi hiyo, narudi nyumbani kuosha vichwa kwenye saluni ya shangazi, na habari za rangi zinaishia hapo.

Jamani, ile kazi niliipenda. Nasogeza picha kidogo kushoto, nakaa naiangalia, nairudisha ilipokuwa. Chai inapoa hapo mezani mpaka inaota utando.

Mambo yaliharibika siku Prof aliponiita ofisini. Alichukua karatasi, akaikunja katikati. Akanieleza kwamba karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa nne, yaani wanafunzi wawili. Sisi tulikuwa witiri, mmoja anabaki bila mwenzake, na karatasi ya kuongeza haipo.

"Mtoe Mfinyanzi," akasema. "Vyungu vyake vyenyewe vimepasuka tanurini."

Mfinyanzi! Mwenzangu wa chumba kimoja! Tunachangia ndoo, sabuni, mpaka kandambili.

Nilimkuta amejifunika shuka gubigubi, mabega yanatikisika. Habari zilishamfikia. Hakuniomba kitu. Alisema tu nisijali, yeye ameshazoea kuachwa.

Nilikaa mbele ya kompyuta nizifute kurasa zake, nikashindwa. Nilikuwa nimezipanga vizuri mno, mpaka zile nyufa za vyungu zikaonekana kama urembo.

Basi nikarudi kwa Prof nikamwambia nitajitoa mimi.

Alivua miwani, akaniita binti yangu, akasema watu wenye roho kama yangu wamekwisha duniani. Akaniahidi kwamba jina langu litakaa ukurasa wa mwisho, kama mpangaji wa kitabu. Na kwamba yeye mwenyewe atamleta Mwenye Studio mpaka kwenye ukuta wangu.

Kesho yake akanitangaza darasani kwamba nimejitoa kwa hiari. Wenzangu wakanipigia makofi. Na mimi, mjinga wa watu, nikasimama nikainamisha kichwa kushukuru!

Kisha nikampa flashi yenye kazi yote aipeleke kuchapwa.

Katalogi niliishika kwa mara ya kwanza siku ya maonyesho, bado inanuka wino. Ikajifungua yenyewe katikati, pale penye pini...

Karatasi nzima, kurasa nne, zote ni picha alizochora Prof!

Ile karatasi niliyoambiwa haipo.

Nikakimbilia ukurasa wa mwisho. Aliyepanga kitabu ni Prof. Mimi sikuwemo popote, hata kwenye shukrani.

Bado nimeduwaa, Mwenye Studio akafika kwenye ukuta wangu. Alisogea karibu, akarudi nyuma, akasogea tena. Alipekua katalogi, hakuona kitu, akauliza hizi kazi ni za nani. Ndipo Prof akatoa lile jibu lake.

"Ni zangu," nikasema.

Prof akatabasamu, akasema ndiyo, huyu ni yule aliyejitoa kwa ajili ya wenzake. Mwenye Studio akaniuliza kama ni kweli nilijitoa mwenyewe. Ningesema nini, na darasa zima lilinipigia makofi? Nikaitikia ni kweli.

"Nachagua waliomo humu tu, mwanangu," akasema. "Ndivyo nilivyokubaliana na chuo. Pole."

Akafunua ukurasa uliofuata, akaenda zake.

Jioni wakamtangaza Mfinyanzi. Mwenye Studio alisema kilichomvutia ni zile nyufa, jinsi zilivyokaa kwenye kitabu kama zimewekwa makusudi.

Nililia. Lakini nikajifuta, nikaenda kumpongeza, kwa sababu yule alikuwa ndugu yangu. Mlango wa chumba cha ufinyanzi ulikuwa wazi kidogo.

"Mjomba, mimi niliogopa angenitoa kweli," Mfinyanzi alikuwa anasema.

Prof akacheka. "Huyu? Hana ubavu wa kukufuta. Nilijua atajitoa."

Mjomba...

Muda wote ule tumelala chumba kimoja, hajawahi kuniambia kwamba Prof ni kaka wa mama yake. Na pale chini ya shuka, sijui hata kama alikuwa na chozi.

Nilikwenda kwa mkuu wa chuo. Alinisikiliza vizuri, akaniuliza swali moja tu: nani alikuambia ujitoe? Nikafikiri sana. Hakuna aliyeniambia. Wangemtoa mtu kwa nguvu, angekuwa na la kulalamika. Mimi nilijifuta kwa mkono wangu.

Sasa hivi naandika haya nikiwa saluni, mikono inanuka dawa ya nywele. Brashi sijaishika tangu siku ile, na sidhani kama nitaishika.

Mnataka somo? Ukipewa kazi ya kupanga majina ya watu, anza na lako. Na kabla hujamwonea mtu huruma, uliza kwanza ni mtoto wa nani.

Mama hakunigombeza, na ndilo linaloniumiza zaidi. Aliomba nakala moja ya katalogi, akaiweka mezani sebuleni. Juzi walikuja majirani, nikamsikia nikiwa jikoni akiwafunulia, ukurasa mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwenye vile vyungu.

"Mnamwona huyu?" akawaambia, na sauti yake ilikuwa na fahari kweli. "Huyu alikuwa anakaa chumba kimoja na binti yangu."