Kaburi Nyuma ya Nyumba ya Mkopo

Jumamosi asubuhi, huko Usagara, nyuma ya nyumba isiyoezekwa bado, wachimba kaburi walikuwa wamefika kiunoni pale sururu ya mmoja wao ilipoibuka na kipande cha turubai la bluu. Akavuta. Kikafuata kiatu. Ndani ya kiatu mlikuwa na mguu.

Kaburi lilikuwa la Bibi Teodora, mama yake Mwalimu Alexander, aliyekuwa bado mochwari. Mguu ulikuwa wa mtu mwingine kabisa.

Sajenti Maige alifika saa tatu kwa bodaboda, kwani gari la kituo lilikuwa limempeleka mke wa mkuu sokoni. Akashuka shimoni mwenyewe. Maiti ilikuwa ndani ya ovaroli, fuvu limebonyea kisogoni. Hakuna aliyeuliza ni nani. Ilikuwa ovaroli ya Mhoja, fundi aliyeinua nyumba ile ya mwalimu mpaka kwenye lenta, juu ya madirisha, akapokea hela ya kupaua, akapotea. Miezi miwili watu walimtukana mwizi, kumbe mwizi amelala palepale nyuma ya ukuta.

Mkuu wa kituo hakutaka maneno mengi.

"Aliyeibiwa nani?"

"Mwalimu, afande."

"Kiwanja cha nani?"

"Cha mwalimu."

"Sasa unanisumbua nini? Mweke ndani. Jumatatu nina wageni wa mkoa."

Mwalimu akawekwa ndani, mama yake akiwa hajazikwa. Ndivyo wakubwa wanavyopeleleza: wamekaa kitini, chai mkononi.

Maige alimfuata mahabusu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Ulimuua?"

"Nilisema nitamuua. Hata mbele ya wanafunzi nilisema." Mwalimu alicheka kicheko kibaya. "Ule mkopo wa nyumba ni wa miaka ishirini na mitano. Changu mimi ni kiwanja tu, nacho kiko rehani, na ng'ombe watatu wa mama. Vingine vyote vya benki. Mshahara unakatwa, bati sina, na kodi ya chumba Buzuruga bado nalipa. Nikiteleza kidogo wanapiga mnada. Mtu akikukimbia na bati lako, utamwombea dua?"

"Nani alichagua pa kuchimba kaburi?"

"Wazee. Jana alikuja yule afisa mikopo, Chenge. Akasema benki haitaki kaburi kwenye dhamana yake. Wazee wakamwambia mama haendi kuzikwa na watu asiowajua. Akalegea. Akasema haya, zikeni mbele hapo, karibu na mlango, ila nyuma msiguse. Leo wamechimba mbele wamekutana na mwamba mtupu. Ndiyo wakahamia nyuma."

"Na wewe ukawaangalia?"

"Ningewakataza nini, afande?"

Maige akatoka nje. Mtu aliyefukia maiti hasimami kando akitazama sururu zinaifuata.

Hata hivyo alianza na Bilali, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale njia panda, kwa sababu Bilali aliwahi kumzaba Mhoja kibao hadharani kwa deni la saruji. Alimkuta amekaa kwenye gunia, mguu mmoja haupo.

"Sukari," Bilali alisema. "Mhoja anapotea, mimi niko hospitali nakatwa. Kibao nilimpiga, sikatai. Lakini nimbebe, nimfukie? Mimi mwenyewe nabebwa kwenda chooni."

Kutoka hapo Maige akaenda Mirongo kwa Queen, mjane wa Mhoja, aliyekuwa akikaanga dagaa barazani. Alipoiona sare hakuinuka.

"Leo mmeijua njia? Nilikuja kituoni kwenu nikaripoti. Mkaniambia mume wako mwizi, kamtafute Geita kwenye dhahabu."

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe wewe, na aliyenifukuza yuko ofisini?"

"Siku ya mwisho alikwambia nini?"

Queen aligeuza dagaa. "Alisema hela ya bati kuna mtu anadai nusu yake. Akasema hawezi kupaua nyumba ya watu kwa nusu bati, anakwenda kuonana naye kulekule kwenye ujenzi. Nikamuuliza nani. Akasema, 'Huyo nikimtaja, kazi zote za mjini zinanipita.'"

Usiku huo Maige hakulala vizuri. Mkewe alizikwa kwenye makaburi ya jiji, kati ya watu asiowajua, kwa sababu askari anayeishi nyumba ya kupanga hana udongo wake. Alielewa wale wazee walichokuwa wanabishania.

Jumapili alasiri alimwita Chenge kiwanjani, akamwambia wazee wanaomba mahali pengine pa kuzika. Chenge akaja na viatu vinavyong'aa, akimpa pole kila mtu. Wazee walikuwa wamekaa juu ya matofali, na Modesta, mke wa mwalimu, amejifunga kanga kiunoni.

"Bwana Chenge, nielimishe," Maige alisema. "Ukiipiga nyumba hii mnada, kaburi mlangoni na kaburi kule nyuma, lipi linamfukuza mnunuzi?"

"La mlangoni, bila shaka."

"Ndilo uliloruhusu. Ukakataza la nyuma."

Chenge akatabasamu. "Niliwaonea huruma. Nyuma udongo laini, kaburi lingetitia."

"Kiwanja hiki chote mwamba. Pale nyuma palikuwa na shimo la chokaa, Mhoja hakuwahi kulifukia, wazee hawa wanajua. Baadaye likaonekana limefukiwa, wakadhani ni Mhoja. Wewe Ijumaa, kabla hawajachimba, ulijuaje kuna udongo laini? Ulichimba?"

Tabasamu likabaki mdomoni bila mwenyewe. Modesta akasogea.

"Chenge, ulikula ubwabwa kwangu! Ulimpa mama mkono akiwa hai!"

Chenge akakaa chini na suruali yake nzuri. "Mafundi wote ninaowapa kazi za mkopo wananipa nusu. Wote! Yeye akasema atamweleza mwalimu. Ningefukuzwa. Na mimi nina mkopo, afande. Nina nyumba Buswelu, nimechelewa makato, walikuwa wanakuja kuiuza. Alinipa mgongo, anaondoka... nyundo yake ilikuwa hapo chini."

Maige alimfunga pingu.

Jioni ile mwalimu alitoka mahabusu akarudi kiwanjani, na mkuu wa kituo akawaeleza waandishi jinsi alivyoitatua kesi. Meneja wa benki alipigiwa simu. Akasikitika sana. Halafu akasema hela ya bati ilishatoka, mkataba una sahihi ya mwalimu, makato yanaendelea kama kawaida, na akichelewa mnada upo palepale.

"Kwa hiyo nalipia bati lililomuua Mhoja?" mwalimu aliuliza.

"Mama tunamzika wapi sasa?" Modesta akauliza. "Mbele mwamba. Nyuma mmezungushia utepe wenu wa polisi."

Mwalimu aliitazama nyumba yake, wazi juu kama sanduku lisilo na kifuniko. Upande wa bondeni msingi ulikuwa umejazwa kifusi kimo cha mtu. Akachukua jembe, akaingia katika chumba alichokuwa amemtengea mama yake.

"Mwanangu, ndani ya nyumba?" mzee mmoja alishtuka.

"Ndani, baba. Benki waje waiuze na kaburi lake."

Wazee wakatazamana. Mmoja akavua koti. Maige naye akakunja mikono ya sare, akaokota sururu, wakaanza kuchimba.