Mzigo wa Njugu Mawe

Kila Jumamosi asubuhi Levina alifagia uwanja, akaosha vyombo vya jana, kisha akateka maji kabla foleni ya bombani haijawa ndefu. Jumamosi hiyo, mvua za kwanza zikiwa zimeanza kugusa Tabora, mama yake aliyeitwa Consolatha alimwongezea kazi nyingine.

"Bibi yako Pelagia ametuma mbegu kutoka Kigwa," alisema huku akikaza kitenge kiunoni. "Mzigo umekuja na treni, uko stesheni kwa yule mama muuza chai. Chukua bodaboda hapo kijiweni. Shamba limelimwa, mbegu ndizo tunazosubiri. Nazitaka njugu mawe zangu zote, hata moja isipotee! Na huyo dereva umkazie macho. Siku hizi hawa vijana mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine unatafuta cha kwako."

Zile hazikuwa njugu za kununua sokoni. Kila mwaka baada ya mavuno, Bibi Pelagia alikaa na ungo wake akazichagua moja moja: nyekundu, nyeusi, na zile nyeupe zenye jicho. Zilizotobolewa na wadudu alizichemsha zikaliwa. Nzima alizihifadhi kwenye majivu hadi msimu mwingine.

Kijiwe cha bodaboda cha Gongoni kilikuwa mbele ya duka la vipuri. Zamu ilikuwa ya Lugembe, kijana mrefu aliyehamia kutoka Igunga miezi michache iliyopita. Levina alimtazama, moyo ukasita. Mbona huyu hacheki kama wenzake? Na mbona kwenye joto hili amevaa koti zito, tena lenye mifuko mingi namna hiyo?

"Karibu, mdogo wangu," Lugembe alisema, akampa kofia ngumu.

Mifuko yote hiyo ya nini? Levina alijiuliza hadi stesheni.

Mzigo wenyewe ulikuwa mfuko wa sandarusi wa buluu, umefungwa mdomo kwa kamba ya katani. Chini palikuwa na njugu mawe. Juu yake Bibi alikuwa amejaza matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, ambavyo Levina alivipenda kuliko biskuti. Lugembe aliunyanyua kwa nguvu, akaulaza kwenye keria nyuma ya kiti. Akauzungushia mpira mrefu uliokatwa kwenye tyubu kuukuu, akauvuta mpaka ukalia.

"Usiuguse tukiwa njiani," alisema. "Ukilegea utateremka pembeni."

Levina aliitikia kwa kichwa tu. Mzigo ni wetu, halafu mimi ndiye niambiwe nisiuguse?

Walipofika mbele kidogo, Lugembe alisimama kujaza upepo kwenye tairi la mbele. Kabla ya kwenda kuchukua pampu alizunguka nyuma, akaubonyeza mfuko, akaushika huku na huku, akaukaza tena ule mpira. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti. Levina aliona yote kwa pembe ya jicho. Aliingiza nini mle?

Lugembe alipompa mgongo, Levina aliruka chini. Haraka haraka akafungua mpira, akauteremsha mzigo ubavuni upande wa kulia, akaufunga shingo tu kwenye keria. Akapanda tena, akaishika ile shingo ya mfuko kwa mkono, akashusha khanga yake juu ya goti ili kuuficha. Sasa tuone utachukua nini, alisema moyoni.

"Uko tayari?" Lugembe aliuliza alipomaliza kujaza upepo, akapanda kwa upande wa kushoto bila kutazama nyuma.

"Twende."

Njia nzima Levina hakuyaondoa macho kwenye mikono ya dereva. Harufu ya nailoni inayoungua ikampiga puani; akadhani kuna watu wanachoma taka. Walipopita kwenye banda la fundi baiskeli, kijana mmoja alitoka mbio akipunga mikono. "Oyaa! Simameni! Simameni!"

Lugembe alipunguza mwendo. "Ananiita mimi huyo?"

"Usisimame!" Levina alipiga kelele. "Twende tu!"

Ndio hao wenyewe, aliwaza. Huyu anaendesha, yule anapokea.

Walipofika nyumbani, kabla Lugembe hajashuka, Levina aliutoa mfuko kwenye keria, akauburuta hadi pembeni mwa jiko. Ulikuwa mwepesi, mwepesi kabisa kwa mzigo ambao mwanamume mzima aliunyanyua kwa nguvu. Hakushangaa. Alijua tayari.

Mama alipofungua mfuko alitoa matobolwa, akazamisha mkono hadi begani. Ulitoka na njugu kiganja kimoja.

"Levina! Njugu zangu ziko wapi?"

Levina alimweleza yote: koti, mkono uliobonyeza mzigo, kijana aliyewaita njiani. Hakumweleza alivyoufungua ule mpira. Mama hakungoja hata kuvaa viatu vizuri.

"Leo watanijua!" alisema, akatoka.

Levina alibaki anakusanya matobolwa kwenye beseni. Alipoukung'uta mfuko ili aukunje, mwanga wa mlangoni ukapenya kwenye tundu kubwa ubavuni. Aligusa kingo zake. Zilikuwa ngumu na nyeusi, zimejikunja kama sahani ya plastiki iliyosahauliwa karibu na moto. Ikamrudia ile harufu. Upande wa kulia. Bomba la moshi la pikipiki liko upande wa kulia.

Jikoni moto ulikuwa bado unawaka. Mfuko mtupu ungeisha pale mara moja, na nani angeuliza? Levina aliushika juu ya mafiga. Kutoka kijiweni sauti ya mama ilisikika wazi, na nyingine za wanaume zikiipokea. Akaukunja mfuko kifuani, akakimbia.

Alikuta watu wamejaa. Lugembe alikuwa katikati, amegeuza mifuko ya koti nje: spana, plagi na kitambaa chenye grisi.

"Kumbe koti ni ghala!" Masolwa, mmoja wa madereva, alimdhihaki. "Sisi tulidhani ni baridi ya Igunga!" Wenzake wakacheka.

"Nalivaa kwa sababu ya kifua, naumwa na upepo wa alfajiri," Lugembe alisema. "Mama, nakuheshimu kama mama yangu. Njugu zako sijazigusa."

"Vua hicho kizibao cha kijiwe ulichovaa juu ya koti, kijana," alisema Mzee Adinani, mwenyekiti wa kijiwe. "Abiria akiibiwa, kijiwe kizima kinanuka. Urudi ulikotoka."

Lugembe alianza kufungua zipu ya kizibao, taratibu, macho chini.

"Hajaiba!" Levina alisema, pumzi zikimpaa. "Shikamoo, mzee. Ni mimi. Niliufungua mzigo alipokwenda kujaza upepo, nikauweka pembeni. Nilidhani anaiba."

Aliunyoosha mfuko. Mzee Adinani alichungulia lile tundu, kisha akainama kwenye pikipiki. Juu ya bomba la moshi palikuwa na utando wa sandarusi iliyoyeyuka, buluu ileile. Hakuna aliyecheka tena.

"Nilikuwa naukaza," Lugembe alimwambia Levina kwa sauti ya chini. "Nilikwambia usiuguse."

"Samahani, kaka Lugembe."

Mama alimshika kijana mkono. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuaibisha mbele za watu, na mbele za watu nakuomba radhi."

"Yameisha, mama. Tukaokote kabla kuku hawajamaliza."

Walirudi njia ileile. Kwenye banda la baiskeli yule kijana, Nurdini, aliwapokea na kopo la rangi lililojaa njugu.

"Nimewaita mpaka koo limekauka! Mlikuwa mnamwaga kama mnapanda barabara! Nilipowakosa, nikaokota."

Zilipatikana nyingi, ingawa si zote. Nyingine zilikuwa zimesagwa na magari, nyingine kuku walikwisha kula. Walipozipanda, mistari mitatu mwishoni mwa shamba ilibaki mitupu. Mama alikaa pale na jembe lake, akamwita Levina.

"Babu wa bibi yako alikuwa mpagazi," alisema. "Alitembea na mzigo kichwani kutoka hapa mpaka pwani, mbele yake mtu, nyuma yake mtu. Kama kila mmoja angekodolea macho mikono ya mwenzake, ni mzigo gani ungefika? Wewe ulilinda mikono ya Lugembe, mzigo ukakosa mlinzi. Tahadhari ni kuangalia kilicho chako, na ukiona jambo usilolielewa, uliza. Kumsingizia mtu wizi kwa sababu ya koti lake, huko ni kumdhulumu. Na hilo nilikufundisha mimi kwa mdomo wangu, kwa hiyo tumelikosea wote wawili. Umenifurahisha kwamba hukuuchoma ule mfuko."

Levina alishtuka. "Ulijuaje kwamba nilitaka kuuchoma?"

"Mfuko ulinuka moshi wa jikoni ulipokuja unakimbia nao."

Jioni Lugembe alikuja kuwachukua. Alifunga majembe kwenye keria, akavuta mpira mpaka ukalia. "Vipi, niufungue ukague?" alimtania Levina.

"Hapana, kaka," Levina alijibu huku akivaa kofia. "Nionyeshe tu unavyofungwa."